Swali la Halley na Jibu la Newton

Aghalabu sisi walimu wa lugha hudhani kwamba elimu ya falaki haituhusu. Hata hivyo, katika historia yake mna kisa kimoja kimfaacho kila afundishaye maana ya sentensi, kwani kiini chake ni tofauti iliyopo baina ya kudai na kuthibitisha.

Mwaka 1609 Johannes Kepler, akitumia vipimo vya Tycho Brahe, alitangaza kwamba sayari ya Mirihi hailizunguki jua kwa duara kamili, bali kwa duaradufu. Aliongeza kwamba mstari uunganishao jua na sayari hupita juu ya maeneo yaliyo sawa katika muda ulio sawa. Ndiyo maana sayari huenda mbio ikilikaribia jua, na hupunguza mwendo ikiwa mbali. Jinsi mambo yalivyo aliieleza. Sababu yake ya kweli hakuipata.

Januari 1684, mjini London, Christopher Wren, Robert Hooke na Edmond Halley walijadiliana: iwapo kani ya jua hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, yaani umbali ukizidi mara mbili kani hubaki robo, je, sayari itafuata njia gani? Hooke alidai kwamba jibu analo. Wren akaahidi kitabu cha thamani ya shilingi 40 kwa atakayeleta uthibitisho katika muda wa miezi miwili. Muda ukapita, uthibitisho usionekane.

Agosti mwaka huo Halley alikwenda Cambridge kumwuliza Isaac Newton. Yasimuliwa kwamba Newton alijibu papo hapo: duaradufu. Alipotakiwa hesabu yake, karatasi haikupatikana. Akaahidi kuiandika upya. Novemba Halley akapokea kijitabu kilichokuja kukua hata kikawa Principia ya mwaka 1687, ambayo gharama za uchapaji wake alizilipa Halley mwenyewe.

Newton alianza na hoja nyepesi. Kitu kisichosukumwa huenda moja kwa moja. Kikipigwa mara kwa mara kuelekea nukta moja, njia yake hukunjika, lakini pembetatu zifanyikazo baina ya njia hiyo na nukta ile zote huwa na eneo moja. Mapigo yakikaribiana bila kikomo, mikunjo hugeuka mpindo laini. Basi kanuni ya Kepler juu ya maeneo yahusu kila kani ielekeayo nukta moja, iwe kali au hafifu.

Kisha alithibitisha kwamba njia ikiwa duaradufu, na kani ikilielekea jua lililo mahali alipoliweka Kepler, kani hiyo sharti ipungue kwa mraba wa umbali. Lakini Halley na wenziwe walikuwa wameuliza kinyume chake! Kusema "kila kunguru ni ndege" si kusema "kila ndege ni kunguru." Upande huo wa pili Newton aliutaja tu katika chapa ya kwanza. Mwaka 1710 Johann Bernoulli akaukosoa upungufu huo na kutoa uthibitisho wake. Nayo chapa ya 1713 ikaongezewa maneno machache ya kuijaza hoja ya Newton. Jibu kamili lina sura zaidi ya moja: chombo chenye kasi kubwa mno hupita karibu na jua kisirejee tena.

Wanafunzi wetu wanapogeuza sentensi na kudhani maana imebaki ile ile, tuwakumbushe kwamba hata Newton alidaiwa hoja ya pili.