Ikirari ya Mpiga Ligombo

Tasnifu zetu za Kiswahili zina ukurasa wa mbele ambao watahiniwa huujaza harakaharaka: ikirari. Hapo mtu hutamka kuwa kazi hii ni yake mwenyewe. Kwa msanii anayetaka shahada ya uzamivu kwa sanaa yake, ukurasa huo unaweza kumshinda kuliko sura zote.

Tuanze Iringa. Ligombo la Wahehe, ambalo mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950, ni ubao uliochimbwa kama kihori, uzi ukapitishwa huku na huku kati ya ncha zake mbili, na kibuyu kikafungwa kukuza sauti. Mpigaji hupiga na kuimba peke yake. Akigeuza mstari, anajua kwa nini. Huyu angefaa Chuo cha Sibelius, Helsinki, ambako mtahiniwa wa uzamivu wa sanaa kwa kawaida hutoa maonyesho matano ya muziki, kisha huandika tasnifu juu ya alichokuwa akikitafuta. Aliyepanda jukwaani ndiye anayeandika.

Sasa shuka Mbeya, upite Rungwe hadi Kyela. Ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa, ni ya kundi. Hatua inayoshangiliwa leo pengine ilianza mchezaji mmoja alipoteleza, wa pembeni akaidaka, mpiga ngoma akaipa nafasi. Nani atie sahihi?

Wasomi wetu hawakulazimika kujibu swali hilo. Ebrahim Hussein alikwishatoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Lakini tasnifu yake ya uzamivu ya Berlin ilichunguza ukuaji wa tamthilia Afrika Mashariki. Penina Muhando, mwandishi wa Hatia, alipata uzamivu Dar es Salaam kwa utafiti wa sanaa za maonyesho za Wakaguru. Kilichotahiniwa ni utafiti, si tamthilia zao.

Siku jukwaa nalo likitahiniwa, wengi watatarajia maandishi yapungue. Kwa ligombo, sawa. Kwa ing'oma naona yaongezeke: sura nzima ya nani alifundisha nini, nani alikataa badiliko gani, na kundi liliridhia kipi kiandikwe. Hayo yasisukumwe kwenye shukurani, ambako wazee hutajwa kwa mkupuo baada ya msimamizi na mfadhili. Ikirari nayo iandikwe upya, mtahiniwa aseme uchaguzi na hoja ni vyake, hatua ni za kundi. Na kwenye jopo la watahini akae kiongozi mmoja wa ngoma, hata kama hana cheti, awe na haki ya kuuliza maswali.