Malindi ni Ngapi? Jina la Mji Mmoja na Ushahidi wa Majina ya Mahali

Wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki aghalabu hulitumia jina la mahali kama shahidi. Jina moja likionekana katika sehemu mbili, hukisiwa mara moja kwamba watu walihama kutoka sehemu ya kwanza wakaenda ya pili, nao walilichukua jina lao kama walivyochukua vyombo vyao. Ushahidi wa namna hii una uzito wake, lakini haufai kupokewa bila ya kuhojiwa. Katika mwambao, ambako mara nyingi mwenye jina ndiye anayedai kuwa mwenye mji na mwenye ardhi, kuupokea ovyo kunaweza kumpa mtu haki isiyo yake au kumnyima iliyo yake. Jina la Malindi lafaa kuwa mfano, kwa kuwa limeenea sana na kwa kuwa mahali palipoitwa hivyo pana habari za kutosha.

Yapasa kuanza na neno lenyewe. Lindi, kwa Kiswahili, ni shimo refu, na wingi wake ni malindi. Hata leo mtu husemwa kuwa ametopea katika lindi la mawazo. Katika ngeli nyingine shina hilo hutoa kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu, na humo ndimo lilimotoka jina la bandari ya Kilindini huko Mombasa. Mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, umebeba umbo la umoja. Wako wanaopenda kulifasiri jina la Malindi kwa kitenzi linda, wakauona mji kuwa ni mahali pa walinzi. Fasiri hiyo inapendeza masikioni, lakini haielezi irabu ya mwisho wala haiuhusishi mji huu na Lindi na Kilindini. Ikiwa malindi ni nomino ya kawaida yenye maana ya mahali penye vina, basi mtu yeyote msema Kiswahili, au msema lugha iliyo jirani nayo, aliweza kulitoa jina hilo popote alipoona vina, pasipo kuwahi kuuona mji wa Malindi ulioko Kenya. Hapa ndipo shahidi wa mwanahistoria anapoanza kuyumba.

Hata hivyo, ziko sehemu ambazo uhamaji hauna shaka kubwa. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani kuna msikiti uitwao Msikiti wa Malindi, na karibu yake makaburi. Mapokeo ya wenyeji huuhusisha msikiti huo na watu waliotoka Malindi ya kaskazini, wakafanya makao Kilwa na kupata nguvu katika mambo ya utawala. Hapa jina halisimami peke yake. Liko jengo, yako makaburi na yako masimulizi, na vyote vyaelekea upande mmoja. Tena jina hapa halikupewa bahari wala ardhi, bali msikiti. Na msikiti hauitwi kwa jina la vina vya maji.

Mombasa ina kisa cha namna nyingine, nacho chastahili kuelezwa kwa urefu zaidi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipopokewa vizuri Malindi baada ya kushindwa kuelewana na watu wa Mombasa, mji huo ukawa rafiki wa Wareno kwa takriban karne moja. Mwaka 1589 Mombasa ilivunjwa, kwanza na Wareno na Wazimba, kisha Wasegeju waliokuwa wakikaa jirani na Malindi wakawashinda Wazimba na kuingia kisiwani. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, na Sultani Ahmad wa Malindi akahamishiwa Mombasa awe mtawala wake. Tangu hapo mfalme aliitwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Mwanawe, Hassan, aliuawa mwaka 1614. Mjukuu, Yusuf bin Hassan, alilelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala, na mwezi wa Agosti 1631 akawaasi Wareno na kuitwaa ngome. Kwa hiyo Malindi ilihamia Mombasa ikiwa cheo: jina lilikaa katika barua na hati za watawala, si katika mtaa.

Jambo hili laonekana wazi zaidi ukiyatazama Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili wa Mombasa. Humo mna majina kadha ya miji mingine ya mwambao: Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza na Shaka. Watu wa miji hiyo walifika Mombasa wakadumu kuwa kundi lenye jina la kwao. Malindi haimo. Mji uliotoa wafalme haukuacha taifa, na miji iliyotoa watu wa kawaida iliacha. Mtafiti atakayepima uhamaji kwa orodha ya majina tu angesema kwamba watu wa Malindi hawakuwahi kufika Mombasa, naye angekosea kabisa.

Wareno nao walilitanua jina kupita mipaka yake. Walilitamka Melinde, na katika maandishi yao pwani ya Melinde ilikuwa ni mwambao wote ulio kaskazini ya Rasi Delgado. Afisa wao aliyeusimamia aliitwa kapiteni wa pwani ya Melinde. Msomaji asiyelijua hili hudhani kila habari ya Melinde ni habari ya mji mmoja. Upande wa China, kumbukumbu za enzi ya Ming zataja wajumbe wa nchi iitwayo Malin walioleta twiga mwaka 1415, na wataalamu wengi wameitambua kuwa ni Malindi. Utambuzi huo kwa sehemu kubwa umeegemea mfanano wa sauti. Ndiyo maana uchimbaji wa wanaakiolojia wa Kenya na China, ulioanza mwaka 2010 katika Mambrui na Malindi, ulikuwa na maana: ulitafuta ushahidi usiotegemea sikio.

Ajabu ni kwamba wakati jina lilipokuwa limeenea hivi, mji wenyewe ulikufa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Malindi ilikuwa magofu yaliyoingiwa na msitu, ikaja kufufuliwa tangu mwanzo wa miaka ya 1860 zama za Sayyid Majid wa Unguja, ikawa nchi ya mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Watu wapya walikalia jina la kale.

Unguja yenyewe ina Malindi yake: mtaa wa Mji Mkongwe ulio kando ya bandari, wenye Msikiti wa Malindi Bamnara na mnara wake wa umbo la pia, na timu ya kandanda ijulikanayo Tanzania nzima. Ni rahisi kusema kwamba mtaa huo ulianzishwa na watu wa Malindi ya Kenya. Lakini uko bandarini, penye maji, na maana ya nomino ya kawaida yatosha kuueleza. Mpaka yapatikane masimulizi ya ukoo au hati, kama ilivyo kwa Kilwa, maelezo haya mawili yana haki sawa. Na iko Malindi nyingine, kata ya wilaya ya Lushoto katika milima ya Usambara, mbali na kila bandari. Huko lindi haliwezi kuwa la maji. Yamkini ni la bonde. Katika nchi hiyo hiyo walitawala Wakilindi, waitwao kwa jina la Kilindi ya Unguu, shina ambalo kwa sura linafanana mno na hili. Hakuna atakayedai kwamba Wakilindi walitoka Kilindini.

Huku magharibi ya Kenya, watu wa pwani waliofika Wanga kwa misafara ya pembe walifuata desturi nyingine. Hawakuleta jina la mji wao. Waliita mahali kwa jina la mwenyeji wao. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 aliandika Kwa Sundu, ingawa Shiundu alikuwa amekwisha kufa na mwanawe Mumia ndiye aliyetawala. Baadaye pakawa Kwa Mumia, na Waingereza wakaibadili kwa ya Kiswahili kwa s ya kwao, ikawa Mumias. Makao ya serikali yalihamishiwa Kakamega mwaka 1920, lakini s ile imebaki mwishoni mwa jina la Nabongo hadi leo, na wenyeji wa mji huo huitamka bila ya kuuliza imetoka wapi.