Mganga Aliyeuingia Moyo Wake

Tangu zamani waganga walijua kwamba watoto wengine huzaliwa na moyo wenye kasoro: ukuta wa kati una tundu, au mishipa mikubwa imekaa mahali pasipo pake. Walijua hayo kwa kupasua maiti. Mtoto aliye hai walimsikiliza kifuani tu, kisha wakawaambia wazazi wangoje.

Mwaka 1895 Röntgen, mwalimu wa Würzburg huko Ujerumani, alivumbua miali ya eksirei. Lakini miali hiyo huonyesha vizuri mifupa. Moyo hutokea kama kivuli, vyumba vyake vinne havionekani. Ilibaki kuingia ndani.

Aliyeingia ni kijana Werner Forssmann, mganga wa hospitali ya Eberswalde. Mwaka 1929 mkubwa wake alimkataza. Basi akamwendea muuguzi Gerda Ditzen, mtunza vyombo, naye dada huyu akakubali kujaribiwa yeye. Forssmann akamfunga juu ya meza, kisha kwa siri akajichanja mwenyewe mkononi, akapenyeza mshipani mpira mwembamba, ule wa kutolea mkojo. Dada alipogundua alikasirika. Hata hivyo walikwenda pamoja mpaka chumba cha eksirei. Huko, akijitazama kiooni, aliusukuma mpira hata sentimita 65, ukafika moyoni. Picha ikapigwa. Bila picha ile, nani angemsadiki?

Wakubwa wa Berlin walimdharau, naye akageukia magonjwa ya njia ya mkojo. Cournand na Richards wa New York waliiendeleza kazi, na mwaka 1956 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa watoto, siku kubwa ni ya mwaka 1966. William Rashkind wa Philadelphia, Marekani, alitangaza njia ya kuwasaidia wachanga wenye midomo ya buluu, ambao mishipa miwili mikubwa ya moyo imebadilishana mahali. Alipitisha mpira katika mshipa wa paja, wenye kifuko kidogo nchani; kilipofika upande wa kushoto wa moyo akakijaza maji ya dawa, akakivuta kwa nguvu kipasue ukuta wa kati, damu zichanganyike. Kifua hakikufunguliwa. Macho yake yalikuwa kwenye eksirei tu. Akikosea njia, mtoto amekufa.

Miali lakini ikizidi hudhuru mwili mchanga. Kwa hiyo mimi nawasifu zaidi watu wa Lund, Uswidi, Edler na Hertz. Hertz alikwenda Malmö kwenye kiwanda cha meli, akajielekezea kifuani mashine ya kupimia chuma, akaona mwangwi wa moyo wake! Mwaka 1953 wakaanza kuuandika mwangwi huo. Siku hizi vyombo vyote viwili hufanya kazi pamoja: mwangwi huonyesha tundu na kingo zake, eksirei huonyesha mpira na kizibo kinachopelekwa.

Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianza matibabu hayo mwaka 2012. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa mzazi wa Kakanda ni mbali, na nauli si ndogo. Na vibomba vingine wanavyotia humo kupanua mishipa vimefanywa kwa kobalti, madini yaliyomo katika udongo wetu huu.