Sid na Wenzake Wavunjaji

Mwishoni mwa Novemba 2001, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitoa matoleo mawili ya kiini (kernel) cha mfumo huo kwa mpigo. Moja, 2.4.15, lilikusudiwa watu wa kazi, wenye seva zisizotakiwa kuzimika. La pili, 2.5.0, lilifungua tawi jipya la majaribio. Ukiondoa namba, yalikuwa kitu kimoja. Dosari nayo ilikuwa ileile: ukizima mashine kama kawaida, mfumo wa faili ungeweza kuvurugika wakati diski inafungwa. Siku chache baadaye likaja 2.4.16 kuziba tundu hilo.

Siku hizo utaratibu ulieleweka hata kwa wanafunzi. Tarakimu ya pili ikigawanyika kwa mbili, toleo ni imara. Isipogawanyika, ni uwanja wa mafundi. Tatizo ni kwamba uwanja wa 2.5 ulidumu zaidi ya miaka miwili, mpaka 2.6.0 ilipotoka Desemba 2003. Wateja hawakuwa tayari kusubiri hivyo, na kampuni kama Red Hat zikawa zinachukua mambo mapya ya 2.5 na kuyapachika kwenye 2.4. Kiini kilichouzwa kama imara kikajaa viraka ambavyo havikuwemo kwenye 2.4 rasmi. Mwaka 2004 watengenezaji walikubaliana kuachana na mtindo huo. 2.7 haikuzaliwa kamwe. Mabadiliko sasa huingia kwa wiki mbili, kisha hujaribiwa kwa wiki kadhaa kabla ya toleo kutangazwa.

Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ilishika njia nyingine. Matoleo yake hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, na tawi lisilo imara likapewa jina la Sid, yule mtoto mtukutu wa jirani anayevunja wanasesere. Sid habadilishwi jina wala hapandishwi cheo. Tangu mwishoni mwa 2000, kifurushi kipya hukaa kwake siku kadhaa, na kisipozua hitilafu kubwa huhamia tawi la kati, ambako toleo imara lijalo huandaliwa.

Chujio hilo ni zuri, ila halioni kila kitu. Mwaka 2006 mtunza kifurushi wa Debian aliondoa mistari michache ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyokuwa ikileta malalamiko kutoka kwenye programu ya ukaguzi. Bila kujua, alikuwa ameua chanzo cha unasibu. Funguo za siri zikawa zinategemea namba ya mchakato tu: funguo zisizozidi 32,768 kwa kila aina ya ufunguo na ya mashine, ambazo mdukuzi anaweza kuzijaribu zote. Kwa kuwa hakuna kilichokwama wala kuzimika, kosa lilipita kwa Sid, likapita tawi la kati, likaingia kwenye toleo imara la Aprili 2007. Lilifichuliwa Mei 2008.

FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, nayo ilipata ajali ya aina hiyohiyo. Februari 2015 watumiaji wa CURRENT, tawi lake la maendeleo, waliambiwa kwamba kizalishi cha namba nasibu kilikuwa kimeharibika kwa takriban miezi minne, na kwamba funguo zote walizotengeneza kipindi hicho zitengenezwe upya. Adha kubwa, lakini iliishia humo humo uwanjani. Kwa kosa la aina hii, basi, waliopakua toleo lenye onyo walipona mapema kuliko waliopakua lenye muhuri wa uimara.

Hilo lisimdanganye mtu akaweka toleo la majaribio kwenye kompyuta ya ofisi. Septemba 2008, viini vya awali vya 2.6.27 viliharibu kumbukumbu ya ndani ya kadi za mtandao za Intel, na kadi nyingine hazikuwaka tena. Waliokuwa wakijaribu matoleo yajayo ya mifumo ya Linux kama Ubuntu, Fedora na openSUSE walipata hasara ya vifaa, achilia mbali faili. Mhalifu alikuja kuwa zana ya kufuatilia utendaji wa kiini, iliyoandika mahali pasipo pake.

Ushahidi mzito zaidi wa hatari hiyo ulikuja Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu hiyo kwenye mashine yenye Sid. Akaona kuingia kwa mbali kupitia SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kula nguvu nyingi ya prosesa. Wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliichimba mpaka akakuta mlango wa siri kwenye xz, zana ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uliopenyezwa na mtu aliyejiita Jia Tan baada ya kujenga imani kwa zaidi ya miaka miwili.

Miongoni mwa zilizokuwa zimeshameza sumu ni Sid, tawi la kati la Debian, Rawhide, tawi la maendeleo la Fedora, na Tumbleweed, tawi la openSUSE linalosasishwa mfululizo. Debian 12, toleo imara la wakati huo, lilikuwa bado na xz 5.4.1. Tumbleweed, ambayo kila toleo lake hupitia majaribio ya mashine kabla ya kuachiwa, haikupata dalili yoyote. Ubuntu iliahirisha toleo la awali la 24.04 kwa wiki moja, kutoka Aprili 4 hadi Aprili 11, ili ijenge upya vifurushi vilivyotengenezwa tangu msimbo huo wa siri ulipoingizwa kwenye xz.