Ushanga, Duka na Mwamuzi wa Uzuri katika Nchi ya Meru

Asiyejua mambo ya biashara ya bara aweza kudhani kwamba maduka ya Arusha yauzayo mikufu, mikanda na mavazi yaliyotiwa ushanga kwa mkono yamezaliwa na utalii. Historia yaonyesha vingine. Wadachi walipolikamilisha boma lao la Arusha mwaka 1900, ushanga ulikuwa umekwisha kupanda njia ya Pangani kwa miaka mingi, nao haukuwa kitu cha nchi hii. Ulifuliwa kwa kioo huko Venice na Bohemia, ukavuka bahari hadi Unguja, ukabebwa na wapagazi.

Hata hivyo, aliyeamua thamani yake hakuwa tajiri wa pwani. Burton, aliyesafiri bara miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kwamba palikuwa na aina karibu 400 za ushanga, kila aina na jina lake na soko lake. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa na majina mengine ya utani. Mojawapo ni kimara-pamba, yaani kimalizacho chakula, kwa kuwa mtu alikubali kutoa chakula chake ili aupate. Neno pamba hapa si lile la nguo, bali ni lile la kale la masurufu. Jingine ni kifunga-mji. Majina hayo ni ushahidi wa lugha: aliyetamani ndiye aliyetawala biashara. Thomson naye, alipofika Taveta mwaka 1883, alilazimika kuutunga upya ushanga wake, maelfu ya nyuzi, kwa kuwa Wamaasai hawakupokea uzi usiokuwa na urefu waliouzoea. Msafiri aliyekosea rangi au kipimo alibaki na mzigo usiomfaa kitu.

Miteremkoni mwa Meru, Waarusha wasemao Kimaa walikuwa jirani na Wameru wasemao lugha ya Kibantu. Majina ya mahali kama Engutoto, yenye kiambishi cha ngeli ya kike ya Kimaa, yangali yakishuhudia ujirani huo. Wanawake wa Kimaa ndio waliokigeuza kioo cha ugenini kuwa kitu chao: walichagua rangi, wakaipa kila moja maana, nyeupe ikihusishwa na maziwa, nyekundu na damu na ushujaa. Kadiri mji ulivyokua, msafara ulitoa nafasi kwa duka, neno ambalo asili yake ni Kiarabu, nalo lilipitia vinywani mwa Wahindi. Lakini mama wa Kiarusha alibaki mnunuzi, na mwenye duka alimtii.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, duka la mtu binafsi lilitazamwa kwa shaka, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka mengi ya vijijini. Milango ya biashara ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, palitokea mnunuzi mpya, mgeni apitaye kwenda mbugani. Jumba la Cultural Heritage lilifunguliwa mwaka 1994, na karakana ya Shanga, iwaajiriyo watu wenye ulemavu, ilianza mwaka 2007.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwenye duka hununua ushanga kutoka ng'ambo kama zamani, hulipa kodi ya nyumba, hulipa saa za mkono wa mtungaji, kisha humngoja mtu asiyeijua lugha ya rangi. Mgeni huona ushanga, haoni saa. Naye asipokuja, duka hukauka: wageni walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa milioni 1.5 na zaidi, mwaka 2020 wakapungua hadi 621,000 hivi.

Hasara ya fedha huweza kulipwa mwaka ufuatao. Hasara ya pili ni nzito zaidi, kwani mtungaji akitunga kwa kumpendeza asiyejua tu, huacha kuwa mwamuzi, na maana ya rangi husahauliwa kabla ya uzi kukatika. Basi duka lenye nguvu katika nchi ya Meru ni lile ambalo mama wa Kiarusha angali anaingia humo kununua mkufu wa harusi ya bintiye, na kuukataa uliotungwa vibaya.