Watoto wa Kiungani na Lugha za Kwao

Wasomaji wengi wamepata kusikia jina la Kiungani, lakini nadhani ni wachache wajuao kwa nini shule ile yapasa kukumbukwa na walimu wa nchi yetu. Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Mwalimu aingiapo darasani huwakuta mbele yake watoto waliobembelezwa na mama zao kwa lugha mbalimbali, naye hana budi kuwafundisha wote pamoja. Watu hudhani ya kuwa kazi hii ilianza wakati wa Uhuru. Sivyo. Ilianza zamani, tena ilianza kwa msiba.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, walifika Unguja. Siku zile watu walikuwa wakiuzwa sokoni mchana kweupe, na soko lile halikufungwa mpaka mwaka 1873. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyavizia majahazi ya watumwa baharini, na katika jahazi moja lililokamatwa walitolewa wavulana watano ambao Seyyid Majid alimpa Askofu. Hao watano ndio mwanzo wa shule. Baadaye wenzao walipozidi kuja, shule ikakaa Kiungani, nje ya mji, upande wa kusini.

Fikirini hali ya watoto wale. Huyu ni Myao, huyu Mmakua, yule ametoka pande za Ziwa Nyasa. Hawakuletwa shuleni na baba zao, wala hawakuaga mtu. Walitekwa vitani au waliibwa njiani, wakauzwa, na wengine wakauzwa tena na tena kabla ya kuiona bahari. Kisha wakalazwa nyumba moja na wageni. Nadhani usiku wa kwanza mtoto aliweza kumsikia mwenziwe akilia, asiweze kumwuliza kwa nini.

Lugha iliyowapatanisha ni Kiswahili. Steere aliishika lugha hiyo kwa bidii kubwa, akatoa mwaka 1870 kitabu cha kuifundishia na kitabu kingine cha hadithi za Unguja. Lakini hakuzidharau lugha nyingine. Alikusanya na kuchapa maneno ya Kisambaa mwaka 1867, ya Kiyao mwaka 1871, na ya Kimakonde mwaka 1876. Nataja miaka hiyo kwa kusudi, maana wako watu hata leo wasemao ya kuwa mtu hawezi kukipenda Kiswahili asipokitupa cha kwao. Yule aliyekisimamia Kiswahili kuliko wageni wote wa zamani zake hakuona hivyo.

Jambo lililonigusa mimi zaidi ni kitabu kilichochapwa London mwaka 1887, kiitwacho kwa jina la shule yenyewe, Kiungani. Bwana Madan, aliyekuwa akifundisha katika misheni, aliwataka wavulana waandike habari zao wenyewe: kwao ni wapi, watu wa kwao huishije, walitekwaje, na njiani waliona nini. Wakaandika kwa Kiswahili, naye akafasiri kwa Kiingereza. Twasikitika kwamba waliosoma kitabu kile walipata Kiingereza chake Madan, si Kiswahili chao wale wavulana. Hata hivyo tazameni alilolifanya mwalimu yule. Hakuwaambia wasahau. Alichukua lugha moja waliyokuwa nayo wote, akaifanya chombo cha kuchukulia mambo ambayo kila mmoja alikuwa nayo peke yake. Mwaka uliofuata, 1888, gazeti la Msimulizi likaanza kutoka pale Kiungani, na habari zake zikaandikwa na Waafrika wenyewe, waliokuwa shuleni na waliokwisha kwenda bara.

Maana kwenda bara walikwenda. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto mdogo, alipewa upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kufika daraja hiyo, naye akafanya kazi kwa Wayao, watu wa kwao. Petro Kilekwa alikuwa Mbisa. Alikombolewa baharini na manowari, akapelekwa Maskati kwanza, ndipo akafika Kiungani. Mwisho alikuwa padre katika Nyasaland, na habari za maisha yake zilichapwa kitabu mwaka 1937. Hata huku Masasi, karibu na mahali nifundishapo, Steere alileta waliokombolewa mwaka 1876. Walikuwa wakielekea mbele zaidi, lakini baadhi yao walipoona wamekaribia nchi walizotoka, wakapenda kukaa papa hapa.

Mambo yaliyofuata nayapita upesi. Chini ya Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na mgawanyo huo uliondolewa mwaka 1962, mara baada ya Uhuru. Mwaka 1967 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Vijana wa sekondari wakapelekwa mbali na kwao, wa Bukoba kusini na wa kusini Bukoba, wajuane. Mimi nasifu haya yote. Nchi nyingine zilizo na makabila machache kuliko yetu zimepigana kwa ajili ya lugha.

Lakini nilipokuwa darasa la nne, katika shule moja nisiyoitaja, palikuwa na kibao chenye kamba. Mtoto akisikiwa akisema lugha ya kwao huvikwa shingoni, naye humtega mwenziwe ili amvike. Nilikivaa siku tatu kwa neno moja la Kimakua nililomwambia ndugu yangu. Nilipokuwa mwalimu sikutengeneza kibao, ila nilikuwa nikikaripia. Naungama.

Siku hizi wafugaji wa Kisukuma wamehamia wengi pande hizi za kusini, na watoto wao huketi pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera. Mmoja wao, kijana wa darasa la sita, alikuwa hasemi. Mwaka jana, baada ya kusoma habari za Madan, niliwapa watoto kazi: waandike kwa Kiswahili jambo la kwao, na wakikosa neno waandike la nyumbani, kisha walieleze. Yule kijana alijaza kurasa mbili juu ya ng'ombe wa baba yake, na kwa kila rangi na kila baka alikuwa na jina lake. Kiswahili changu mimi kilikuwa na mweusi, mweupe na mwekundu.

Alipokuwa akisoma, mtoto wa Kimakonde aliyeketi nyuma, ambaye nyumbani kwao hawajafuga hata mbuzi, alinyosha mkono. Nilidhani ataka kucheka. Akasema, "Mwalimu, mwambie alirudie lile jina la tatu, sikuwahi kuliandika."