Malale Uganda: kadi, sindano na hadubini

Mwaka 2022 Wizara ya Afya ya Uganda, yenye makao yake Barabara ya Lourdel, Nakasero, ilipata habari njema. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina ya gambiense, iliyosumbua West Nile, si tishio tena kwa afya ya jamii. Safari hiyo ilianzia kilima cha jirani, Namirembe, ambako mwaka 1901 Dkt. Albert Cook na nduguye Jack waliwatambua wagonjwa wa kwanza katika Hospitali ya Mengo. Kufikia 1920, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria.

Chanzo kilionekana Entebbe. Mwishoni mwa 1902 Aldo Castellani, aliyedhani mwanzoni kuwa anatafuta bakteria, aliyazungusha kwa mashine maji ya uti wa mgongo, akapima mashapo yake na kukuta vimelea vya tripanosoma. Mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kuwa mbung'o ndiye mbebaji. Baadaye madaktari wakaanza kutoa kwa sindano majimaji ya tezi zilizovimba shingoni, wakivitafuta humo vimelea hivyo. Sindano hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ya mgongo.

Kipimo cha kadi, CATT, kilikuja 1978. Tone la damu huchanganywa na dawa ya buluu, kadi ikatikiswa kwa dakika tano; chembe za dawa hiyo zikigandamana, mtu ana kingamwili. Kijiji kizima kikapimwa kwa siku moja. Lakini kadi hutoa shaka tu. Kuthibitisha lazima kimelea chenyewe kionekane, na kwa baadhi ya wagonjwa maji ya mgongo bado hupimwa kujua kama ugonjwa umefika kwenye ubongo.

Tena kadi haiitambui malale ya aina ya rhodesiense, ya Busoga na Teso, inayoua kwa miezi michache. Hiyo hutafutwa kwa hadubini: kwenye damu mbichi, mtaalamu huona kwanza chembe nyekundu zikisukumwasukumwa, ndipo amwone msukumaji. Wagonjwa wengi waligunduliwa hivyo kwa bahati, damu ikipimwa malaria. Sasa malaria mara nyingi hupimwa kwa kipimo cha haraka kisichoona kimelea kingine chochote.

Kwa hiyo kila kipimo kina kazi yake, na kipya hakijakistaafisha cha zamani. Mtu wa maeneo hayo akiwa na homa isiyoisha na kipimo cha malaria hakioni kitu, aombe damu yake itazamwe kwa hadubini.